Kibuyu cha Nyuki Anayecheka

Paukwa!

Nani huyo anaitikia kivivu hivyo? Aliyevimbiwa na ugali akalale, mwenye masikio abaki. Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Kibuyu!"

Kibuyu cha nini?

"Cha asali!"

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na nyinyi, palikuwa na ndege mdogo wa rangi ya majivu, jina lake Mlembe. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuonyesha njia ya asali. Akiona mzinga kwenye tundu la mti, humwendea mrina asali, Nyegere, akampigia kelele:

Cheche-cheche, nifuate!
Mguu wako, bawa langu,
nifuate ukaone!

Nyegere humfuata mpaka mtini. Huwapulizia nyuki moshi kidogo wasogee, akatoa masega, mengine akawaachia wenyewe pamoja na majana, watoto wao. Kabla ya kuondoka, huweka sega moja juu ya jani, chini ya mti. Hilo ni la Mlembe. Ndivyo walivyozoea tangu enzi za babu zao, na hakuna aliyelala njaa.

Basi akatokea Bwana Kongoti. Mnamjua! Yule ndege mrefu, miguu kama fito, anatembea mabawa nyuma kama hakimu. Siku hizo alikuwa na manyoya mazuri kichwani, kutwa kuyachana. Akaichukua asali kwa Nyegere, akawauzia wanyama wa ng'ambo ya mto ambao hawajawahi kuuona mzinga. Kila kibuyu kikagongwa muhuri, picha ya nyuki anayecheka.

"Asali yangu ni ya huruma!" akatangaza gulioni. "Hakuna nyuki aliyeungua! Hakuna mzinga uliokufa! Mlembe kapata sega lake! Mkimwona nyuki anacheka, kuleni kwa raha!"

Wakala kwa raha kweli. Bi Ndovu, mnunuzi mkubwa kuliko wote, alikuwa akikikumbatia kibuyu na kutokwa machozi kwa wema wake mwenyewe.

Siku moja Mlembe akamwongoza Nyegere kwenye mgunga, kisha akazunguka kutafuta malisho kidogo. Aliporudi akashuka kuchukua sega lake. Hakuna sega. Hakuna hata jani. Akatazama juu, mti ni mweusi tii, nyuki wametapakaa chini kama makapi, na mzinga umekombwa mpaka nta.

"Nyegere, ndugu yangu! Umefanya nini?"

"Nimetia moto," akasema Nyegere, uso chini. "Bwana Kongoti anataka vibuyu vingi kabla ya gulio. Vikipungua, wanangu hawali. Moshi kidogo unataka subira, na hiyo subira mimi sikupewa."

"Lakini mwenyewe anakataza moto!"

"Anakataza gulioni. Akija kwangu anauliza tu, mbona umechelewa?"

Mlembe akatazama mgongoni kwa Nyegere. Vibuyu vitupu vinaning'inia, vinangoja asali ya mti mwingine, na kila kimoja kina nyuki anayecheka.

"He! Na hivi vimegongwa muhuri lini?"

"Naletewa hivyo hivyo, vitupu, tayari vinacheka."

Mlembe akamhoji, mti kwa mti. Nyegere alikwisha kuirudia mizinga yote aliyowahi kuonyeshwa na kuitia moto. Uliobaki hai ni mmoja, wa kwenye mninga mkubwa, nyumbani kwa Malkia wa nyuki. Ukiungua ule, hakuna nyuki tena, hakuna asali, na Mlembe na kizazi chake basi.

"Ule hauungui," akasema Mlembe. "Mimi nikiwa hai, hauungui."

Akaruka moja kwa moja kwa Bwana Kongoti. "Bwana, mizinga inateketea!"

Kongoti akachana manyoya yake. "Masikini wee! Nimeumia sana moyoni. Nitatuma mkaguzi."

Mkaguzi alikuwa Kinyonga. Ngoma ikalia, "Mkaguzi anakuja! Mkaguzi anakuja!" na kwa mwendo wake ule, alipofika kila kitu kilikuwa kimefagiliwa. Akaketishwa kivulini, akawekewa sega nono juu ya jani bichi. Akalila lote. Mlembe akamlilia, "Mzee, pita kwenye mgunga uone!" Kinyonga akapita. Kwenye jani alikuwa kijani, kwenye mgunga ulioungua akageuka mweusi kama mkaa wenyewe.

"Sikuona tofauti yoyote," akasema, akajiendea zake.

Mlembe akavuka mto siku ya gulio, akatua mbele ya Bi Ndovu. "Mama, asali hiyo imetoka motoni."

"Acha uzushi, mtoto wewe! Huoni nyuki anavyocheka?"

Gulio zima likaangua kicheko. Na Kongoti, kwa raha zake, akapaza sauti, "Msihofu, kipenzi changu Nyegere yuko mningani sasa hivi, mzigo mwingine unakuja!"

Moyo wa Mlembe ukapiga paa! Mningani! Unadhani alikata tamaa? Thubutu! Akarukia ukingo wa kibuyu cha Bi Ndovu, akaimba kwa nguvu zake zote:

Cheche-cheche, nifuate!
Mguu wako, bawa langu,
nifuate ukaone!

Na wimbo ule, jamani, ukiusikia nyayo zinawasha. Bi Ndovu akainua mguu, akainua na wa pili. "Ngoja nikamwone huyo nyuki anapochekea," akasema. Wakubwa wakitembea, wadogo hufuata. Gulio likavuka mto, na Kongoti nyuma yao, pumzi juu juu.

Wakafika kwenye mgunga mweusi. "Hiyo ni radi!" akasema Kongoti.

Wakafika kwenye mkuyu mweusi. "Hao ni wezi wa jirani!" akasema Kongoti.

Wakafika mningani. Nyegere amesimama, mwenge unawaka mkononi, vibuyu miguuni. Bi Ndovu akaunyakua ule mwenge kwa mkonga, akaukanyaga mpaka ukafa.

"Nyegere!" Kongoti akapiga yowe. "Kumbe ni wewe! Mimi sikujua! Nimesalitiwa! Kuanzia leo sinunui kwake!"

Wanyama wakaanza kumwonea huruma. Masikini Bwana Kongoti, mtu mwema kama yule! Nyegere akafuta chozi.

Mlembe akatua juu ya kibuyu cha Nyegere. "Mama Ndovu, kiokote hiki. Kitikise."

Bi Ndovu akakitikisa.

"Ndani kina nini?"

"Hakina kitu."

"Na nje?"

Bi Ndovu akakigeuza. Nyuki anacheka.

"Asali bado iko mtini," akasema Mlembe. "Moto hata haujaugusa mti. Sasa huyu anacheka nini?"

Bi Ndovu akainamisha masikio. "Nami nimekula," akasema, "na sikuwahi kuuliza." Aibu ikamshika, na aibu ya ndovu si ndogo.

Kisha akamtazama Kongoti, akamtia kile kibuyu shingoni, akakaza kamba. Nyuki waliokuwa wakisikiliza yote wakatoka tunduni kwa kishindo, wakamvamia kichwani. Alikimbia huyo! Manyoya yakabaki njiani.

Nyegere akapuliza moshi kidogo, polepole, akatoa kiasi. Sega la kwanza akaliweka juu ya jani. "Nisamehe, Mlembe. Nilijua nilichokuwa nafanya." Toka siku ile, wa ng'ambo akitaka asali huja mwenyewe mpaka mtini, anatazama na kungoja, na wana wa Nyegere wanakula bila kukimbizwa.

Mtazameni Kongoti leo: upara, kazi yake jalalani, na kile kibuyu bado kinaning'inia shingoni, kitupu. Mlembe je? Bado anaita.

Mmesikia? Muhuri hugongwa na mwenye kuuza. Ukitaka kujua kitu kimefanywaje, inuka ukaone kinapofanywa, na ukikuta moto, uzime.

Nimefika mwisho wa njia, sega langu liwekeni juu ya jani. Na hii chai mliyonipa ina asali, tamu kweli. Imetoka wapi? Mbona mnatazamana? Haya, kesho asubuhi vaeni viatu.