Kwa Nini Tunaitikia "Karibu" Kabla ya Kujua ni Nani

Zamani sana, kabla ya babu wa babu yangu kuzaliwa, watu wa mlima huu wetu wa Kwamrema walipiga hodi kama tunavyopiga leo, ila hawakuitikiwa kama tunavyoitikia. Aliyekuwa ndani alikaa kimya kwanza, akasikiliza, kisha akauliza bila kufungua mlango: Wewe nani? Umetoka wapi? Umekuja na nini? Majibu yakimpendeza, alifungua. Yasipompendeza, mgeni aligeuka akaenda zake. Neno "karibu" lilikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kupimia umbali tu. Kisima kiko karibu, shamba liko karibu. Hakuna aliyefikiria kumwambia mtu.

Wakati wa shibe, hilo halikumsumbua mtu. Mgeni alikuja na ndizi au kuni, akazitaja, akaingia. Kisha ikaja njaa.

Walianza nzige, wakala kila kilichosimama. Mvua zikakatika. Ile moja iliyonyesha ilinyesha kwa hasira, ikaporomosha ubavu wa mlima, na udongo na mawe vikaufukia mdomo wa mfereji uliokuwa ukileta maji kutoka chemchemi hadi mashambani. Maji yakapotelea korongoni, na mashamba yakakauka huku watu wakiyasikia maji hayo yakipiga kelele kule chini. Hakuna nyumba iliyokuwa na nguvu ya kuufukua ule mdomo peke yake, na hakuna aliyekwenda kumwita mwenzake. Watu waliacha kutembeleana. Walitwanga ndani, kinu wamekitandikia ngozi ili jirani asisikie mchi. Hodi ikipigwa, swali la kwanza likawa "Umekuja na nini?", na mara nyingi likawa la mwisho.

Katika nyumba ya juu kabisa aliishi mwanamke aitwaye Namkunda, pamoja na mama mkwe wake, Bibi Nambike, na bintiye mdogo, Senzia. Mumewe, Mrindoko, alikuwa ameteremka tambarare kutafuta chakula. Mwezi ulizaliwa ukafa, ukazaliwa tena, na hapakuwa na habari zake.

Njaa ilipokaza, Senzia alishikwa na homa. Namkunda akambeba mgongoni akashuka hadi kwa Kigono, mtu wa ng'ambo ya korongo, ambaye kila mmoja alijua kwamba ghala lake bado lilikuwa na kitu. Akapiga hodi. Sauti ya Kigono ikauliza, "Umekuja na nini?"

"Nimekuja na mtoto," Namkunda akasema. "Anaumwa. Naomba uji tu, hata wa kulamba."

"Mtoto haliwi," Kigono akajibu, na kitasa cha mlango hakikusogea.

Namkunda alipanda mlima akilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Usiku ule alichemsha majani ya mnafu aliyoyachuma katikati ya mawe, akamnywesha mtoto maji yake machungu, na siku zilizofuata vivyo hivyo, mpaka homa ikamwachia. Senzia alipona. Lakini yale maneno hayakumtoka mama yake. Alikuwa nayo akichota maji, alikuwa nayo akilala.

Jioni moja ukungu ulitanda hadi mlangoni. Namkunda alikuwa ameinjika chungu cha maharage machache. Yalikuwa maharage ya mbegu, mfuko wa mwisho aliouficha chini ya kitanda, na kila kiganja alichotoa kilimuuma kama anang'oa jino. Mara wakasikia hodi. Sauti ilikuwa imekauka, haikujulikana kama ni ya mtu mzima au kijana, mwanamume au mwanamke.

"Muulize," Bibi Nambike akanong'ona. "Muulize ni nani na amekuja na nini."

Namkunda alisogea mlangoni, lakini hakuuliza. Akamgeukia mkwewe.

"Mama, nikimuuliza jina nitapata sababu ya kumfukuza. Mlima mzima huu, hakuna mtu ambaye sina sababu naye."

"Basi si vizuri ujue?"

"Sitaki kujua kwanza. Mimi najua kusimama nje kulivyo." Na kabla mkwewe hajasema lolote, Namkunda akapaza sauti. Alitaka kusema sogea karibu na moto, lakini likatoka neno moja tu: "Karibu!"

Akavuta mlango. Aliyesimama nje alikuwa Kigono, na mkewe amemwegemea begani, mjamzito, midomo imepasuka kwa kiu na baridi.

Bibi Nambike alisimama. "Funga," akasema. "Namkunda, funga huo mlango. Huyu ndiye aliyesema mtoto haliwi."

Kigono hakukana. "Ndimi," akasema. "Ghala liliingiwa na wadudu fukusi, unga ukawa vumbi. Sina cha kutaja, mke wa Mrindoko. Mimi niache hapa hapa nje. Mwingize huyu."

Namkunda alishika ubao wa mlango. Nisiwafiche, alikuwa na hamu ya kuusukuma. Maneno ya kumwambia Kigono alikuwa nayo tayari, ameyapanga kwa miezi. Akamwangalia yule mwanamke. Kisha akamwangalia Kigono mwenyewe, akaona mtu mwenye njaa, mwenye aibu, ambaye kesho angeweza kuwa maiti njiani.

"Nimeshasema karibu," akasema. "Ingieni wote wawili. Maharage ni machache, mtakula taratibu."

Hakumsamehe jioni ile; moyo haugeuki upesi namna hiyo. Alimpa bakuli bila kumtazama usoni. Lakini alimpa bakuli lililojaa sawa na la mwanawe, na Kigono alilishika kwa mikono miwili, akashindwa kunywa mchuzi kwa kilio, mpaka Senzia akamwambia, "Kunywa, utapoa."

Asubuhi wale wageni hawakuwa na pa kwenda, wakabaki. Kigono akaamka mapema akachanja kuni bila kuambiwa. Siku iliyofuata, ikapigwa hodi nyingine. Namkunda akaitikia vile vile, "Karibu!", na akaingia mjane wa kitongoji cha chini na kiazi kikuu kimoja alichokichimba msituni. Wakaja wengine. Aliyekuwa na kitu alikitoa, asiyekuwa nacho alikaa akala. Chungu kilikuwa chepesi, maji mengi maharage machache, na Bibi Nambike alinung'unika kila kilipoinjikwa. Hata hivyo ndiye aliyekoroga, na ndiye aliyehakikisha mke wa Kigono anapata ya chini, mazito.

Sasa katika ile nyumba wakawamo watu ambao kwa muda mrefu hawakuwa wamekaa pamoja, na watu wakikaa pamoja huongea. Walipoongea, habari ya mfereji ikaja.

"Mimi nilikwenda kuutazama," Kigono akasema. "Liko jiwe mdomoni, mtu mmoja haliwezi."

"Hata mimi nilikwenda," mjane akasema. "Nikarudi."

Kumbe kila mmoja alikuwa amekwenda kwa siri yake, akarudi amekata tamaa. Kesho yake walipanda wote, na miti ya kuchokolea na vikapu vya udongo. Walichimba kidogo, wakapumzika sana, wakachimba tena, kwa maana nguvu hazikuwapo. Siku waliyoliviringisha lile jiwe, maji hayakutoka mara moja. Yalisita, yakabubujika matope, kisha yakaja meupe, yakakimbia mferejini yakiwapita miguuni. Bibi Nambike, aliyekuwa amebebwa hadi pale kwa sababu alikataa kubaki nyumbani, aliketi ndani ya maji na nguo zake zote akacheka kama msichana. Namkunda alicheka naye. Alipogeuka akamwona Kigono amepiga magoti anajiosha uso, na kwa mara ya kwanza alimtazama bila kuyasikia yale maneno.

Wakapanda maharage ya mbegu yaliyosalia. Yakaota. Mke wa Kigono akajifungua salama, na Bibi Nambike ndiye aliyempokea mtoto.

Maharage yalipoanza kutoa maua, mchana mmoja ikapigwa hodi ya chini chini, karibu isisikike. Nyumba ilikuwa imejaa watu wanachambua mboga. Wote kwa pamoja, bila kuinua vichwa, wakaitikia, "Karibu!"

Hakuingia mtu. Namkunda akatoka kutazama. Uani alisimama mumewe, Mrindoko, amekonda, ndevu zimemmeza, mikono mitupu. Alikuwa amejificha nyuma ya migomba tangu asubuhi. Kule tambarare hakupata kitu ila ugonjwa, na njia nzima alikuwa akijiuliza atajibu nini mlangoni kwake mwenyewe. Aliamua kwamba wakimuuliza amekuja na nini, atageuka.

"Sikuleta chochote," akasema.

"Nani amekuuliza?" Namkunda akajibu, akamshika mkono, akamwingiza ndani, na mama yake akamrukia shingoni kabla hajaketi.

Na tangu siku hiyo, katika mlima huu, hodi haijibiwi kwa swali. Maswali yapo, na ni mengi, lakini yanangoja mgeni aketi na kunywa maji. Mwenye nyumba huitikia "Karibu!" akiwa bado anafuta mikono, hajui kama nje amesimama ndugu, au mtu aliyemwudhi jana, au mtu asiyemjua kabisa. Na wasafiri waliopita hapa waliichukua desturi hiyo wakaenda nayo kwao. Hadithi yangu imeingia ndani, imeketi. Mpeni anayefuata nafasi.