Aliyeondoka na Neno la Kwanza

Mama mmoja, jina lake Nakiete, alikuwa na wana wawili na bustani ya vitunguu. Bustani ilipata maji kwa mfereji ulioshuka kutoka mlimani, na vitunguu vile ndivyo vilivyowalisha mwaka mzima. Mwaka ule kijiji kilichagua mwenyekiti wa mfereji. Nakiete alimtaka kaka yake, lakini akashinda Mzee Mfinanga. Tangu siku hiyo, machoni pa Nakiete, hapakuwa na jema lililotoka kwa watu wa Mfinanga.

Asubuhi moja maji yakakatika. Akawatuma wanawe wapande hadi kwenye banio, pale maji yanapoingilia mferejini, wakaone kuna nini. Walikwenda pamoja, wakaona jambo lile lile, wakarudi.

Yoeli akasema, "Mama, ukingo wa mfereji umebomoka, wanauziba."

"Wewe wamekunywesha chai huko kwa Mfinanga?"

Zefania akasema, "Mama, watu wa Mfinanga wamefunga maji."

Hilo lilimwingia. Alichukua jembe, akapanda kwa njia ya mkato hadi kwenye banio, akabomoa tope na vigogo vya migomba vilivyozuia maji. Akasimama akiyatazama yakishuka, moyo wake umetulia kama wa mtu aliyepata haki yake.

Aliporudi hakuiona bustani; maji yalikuwa yameifunika kwa tope. Ukingo ulikuwa umebomoka juu ya bustani yake yeye, na maji yalifungwa ili uzibwe. Sasa watu wa Mfinanga walikuwa wameinama kwenye tope, wakiokota vitunguu vyake kimoja kimoja na kuviweka juu ya nyasi. Yoeli alikuwa pamoja nao. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyefungulia maji.

"Pole, mama," alisema Mzee Mfinanga, wala hakuacha kuokota.

Nakiete alilificha jembe nyuma ya kanga. Akamvuta Zefania kando, akamuuliza kwa nini hakumwambia habari ya ukingo.

"Nilianza na lile unalopenda, Mama. Ukainuka kabla sijamaliza."

Nakiete akatazama chini. Hakuwa amedanganywa hata neno moja.

Basi leo asubuhi, tulipojazana mbele ya meza ya magazeti, tukasoma kichwa cha habari kilichowasema vibaya wale tusiowapenda, tukaondoka tumeridhika, ni nani kati yetu aliyefungua ukurasa wa ndani kabla ya kuchukua jembe lake?