Zimwi Lililotaka Mkeka

Sogeeni, hadithi imeshaketi.

Zimwi lilikalia kisima. Kila aliyefuata maji lilimwambia, "Nisukie mkeka!"

Mzee wa kwanza akasema, "Sijui, na umri umenitupa mkono." Likammeza. Wa pili akasema vilevile. Likammeza.

Akaja Bi Mwanashuru, kibogoyo, mikono ikimtetemeka. "Sijui," akafoka. "Nifundishe!"

Zimwi likaduwaa, kisha likamfundisha, likimshikia ncha ya ukili kwa kidole cha mguu. Ukindu wa zimwi haukuwa na mwisho. Bibi akasuka, akakosea, akafumua, akasuka tena, akilizunguka, mpaka likafungika gubigubi.

"Nifungue!"

"Kwanza jifunze kula mihogo, uache watu."

"Mihogo? Kwa umri wangu huu?"

Bibi akakaza fundo, akateka maji yake. Nami nimeliacha hukohuko.