Maiti za Kisigino cha Sultani

Palikuwa na sultani mmoja aliyechomwa na mwiba kisiginoni. Jeraha likatunga usaha, likanuka, na barazani hakuna aliyethubutu kusema kwamba linanuka. Wakamwita Mwanamize, mjane aliyejua dawa za majani na asiyejua kunyamaza. Akachemsha kivumbasi, akamwosha kisigino asubuhi na jioni. Usaha ukakauka, nyama mpya ikaota.

Sultani, badala ya kushukuru, akauliza, "Umefanya nini humo?"

"Jani hili lina mafuta, Bwana wangu. Ile harufu kali ndiyo hayo. Yameua vidudu vilivyokuwa vikila jeraha."

"Mbona sikuviona?"

"Ni vidogo mno. Havionekani kwa macho."

Sultani akawaka. "Umeua ndani ya mwili wangu bila idhini yangu, tena viumbe nisivyoviona! Kesho niletee maiti zao. Usipozileta, wewe ni mwongo, na ulimi wa mwongo hukatwa."

Mwanamize akarudi kwake akiupapasa ulimi wake kwa meno. Siku hiyo majirani walimsalimu, akawaitikia kwa kichwa. Wakajua kuna msiba.

Kesho yake akaja mikono mitupu. Mnyongaji alikuwa kando, ananoa kisu.

"Maiti ziko wapi?"

"Zimezikwa, Bwana wangu."

"Nani kazizika?"

"Maji ya kuoshea. Hazikuhitaji hata sanda."

"Nionyeshe kaburi!"

"Yalimwagwa nyuma ya jumba, kwa amri yako."

"Usinichezee, mwanamke! Nitajuaje kama umeua kweli?"

"Kisigino kinauma?"

"Hakiumi."

"Kinanuka?"

Sultani akamgeukia waziri. Waziri akakohoa. "Kimeacha kunuka, Bwana wangu. Yaani, hakijawahi kunuka."

"Kisigino si ushahidi!" Sultani akapiga kiti ngumi. "Anayedai ameua, alete maiti. Hiyo ndiyo sheria yangu, kwa mkubwa na mdogo!"

Mnyongaji akasogea. Mwanamize akapiga goti, sauti yake ya upole kabisa.

"Basi nisamehe, Bwana wangu. Nilikosea. Mwaka jana uliporudi vitani peke yako, ukatuambia umeua maadui wasiohesabika, mji mzima tulipiga vigelegele mpaka makoo yakakauka, wala hakuna aliyeulizia maiti. Nami leo nilikuja nikitegemea vigelegele tu."