Eda ya Mkia

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, samaki walipokuwa wakitandika mikeka na kupika chai kama sisi, Siti Milia aliishi bwawani kando ya mto. Alikuwa mdogo kama kidole, mwenye milia ya buluu ubavuni. Jirani yake alikuwa Mzee Kambare, mwenye masharubu marefu na tumbo lisilojua kushiba.

Siku moja Siti alitaga. Hata hajapumzika, akasikia gubu, gubu, mlangoni.

"Hodi," akasema Kambare, naye keshaingia. "Nimekuja kula mayai."

Siti akaangalia pa kukimbilia. Nyuma ya nyumba palikuwa na ufa mwembamba kwenye mawe, unaotokea mtoni kwenye maji ya kasi. Yeye angepita, lakini mayai hayaogelei.

"Karibu, Mzee wangu," akajibu kwa sauti kavu. "Ila mtu mzima kama wewe atashibaje mayai? Ni maji matupu. Ngoja watoto waanguliwe, wanenepe kidogo, ndipo ule."

"Nawe utoroke nao?"

"Chukua mkia wangu uwe rehani. Bila mkia nitaupandaje mto?"

Kambare akacheka. Baba yake aliwahi kukatwa mkia na kenge, akafa kibutu, bila mkia. Kwa ukoo wao, kilichokatwa kimekwenda. Akafunua kinywa, kacha! Mkia ukaingia tumboni, na uchungu ukampanda Siti mpaka utosini.

"Mkia huu nimezaliwa nao, Mzee," akasema akihema. "Sasa umenifia. Lazima niukalie eda, na unajua mwenyewe, mwenye eda hachunguliwi na wanaume."

Kambare alikuwa mwepesi wa adabu zisizomgharimu kitu. "Hilo ni la heshima," akasema. Kesho yake alileta hata rambirambi, bakuli la viluwiluwi vya mbu.

Siti akashusha pazia la majani. Nyuma ya pazia jeraha likaziba, kikachomoza kitu cheupe, laini kama chipukizi la mchicha. Kikatoa vijiti, vijiti vikavaa ngozi, na milia ya buluu ikajichora upya. Mayai nayo yakaanguliwa.

"Siti, eda bado?" Kambare aliuliza kila asubuhi.

"Bado, Mzee. Huu ulikuwa mkia mwema."

"Na watoto?"

"Wananenepa. Usiwe na haraka."

Kambare akameza mate, akarudi kulala. Kwa nini alinde? Rehani anayo tumboni.

Asubuhi moja alisikia chwa, chwa, chwa nyuma ya pazia. Tamaa ikamshinda adabu, akalirarua. Siti alikuwa akimsukumia ufani mtoto wa mwisho, na nyuma yake mkia mzima ukipepea.

Kambare akaunyooshea sharubu lake. "Huo mkia wa nani?"

"Wangu."

"Wako niliula mimi!"

"Basi huo ulioula ni wako, Mzee. Mimi nimeota mwingine, na eda nimetoka leo."

Chwa! Siti akapenya. Kambare akajitupa nyuma yake, akakwama ufani, masharubu mtoni na tumbo bwawani, akiwatazama watoto wote wakiupanda mto na mama yao.

Wajukuu zangu, ukimnyang'anya mnyonge alicho nacho, usidhani na akili yake umeibeba.