Matanga ya Mkwavule

Barazani walikuwapo Mzee Zefania Msuya, mwenyekiti wa kijiji cha Mkwavule, Upareni, Bwana Fortunatus Lyimo, meneja wa kampuni ya simu, mafundi wake sita kutoka Dar es Salaam, na Bi. Nakijwa Mshana, muuza magimbi.

"Mtandao huu mpya umetumaliza," alisema Bwana Lyimo. "Mitambo, leseni, mafundi wa kulipwa kwa siku. Barabara imeishia bondeni. Vyuma vya mnara mtavipandisha kileleni kwa msaragambo, bure, kama mnavyochimba mifereji yenu."

Nje ya baraza, wanaume arobaini wa kijiji waliotegemea ujira wa kubeba vyuma hivyo kununulia mbegu waliinamisha vichwa.

"Tungekubebea, mwanangu," alisema Bi. Nakijwa, "ila tuna matanga ya baba yangu. Msaragambo husimama siku saba."

"Pole sana, mama. Lakini kwa siku saba mafundi hawa watanifilisi."

"Kibarua cha kulipwa hakisimami. Hata wafiwa hula."

Mzee Zefania alikohoa, akatazama paa.

Bwana Lyimo aliwalipa wote arobaini papo hapo, kisha akampa Bi. Nakijwa rambirambi kwa mikono miwili. Vyuma vilifika kileleni kabla ya adhuhuri.

Mnara ulipowashwa, simu ya kwanza Bwana Lyimo alimpigia Bi. Nakijwa.

"Matanga yamekwisha salama, mama?"

"Salama, mwanangu. Wali wa rambirambi yako tumekula kijiji kizima."

"Mzee alifariki lini hasa? Nataka kuandika kwenye ripoti ya gharama."

"Andika hivi: Elifasi Mshana alifariki tarehe 4 Machi 1961."