Pampu ya Maji na Buyu la Asali

Baridi ya Dongobesh, huko Mbulu, asubuhi ile ilikuwa kali kama wembe. Ukungu ulikuwa umeyalalia mashamba ya vitunguu saumu, na pikapu ya mzee Nikolausi ilisimama uani tayari kwa safari. Binti yake, Perpetua, alikuwa amepiga magoti mbele ya gari. Chini ya injini, juu ya majani, palikuwa na doa la maji lenye ukubwa wa sahani. Juzi lilikuwa la ukubwa wa kisosi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umeanza tena?”

“Maji yanatoka kwenye tundu la chini ya pampu, baba. Tundu lile limewekwa makusudi, ili sili ya ndani, ule mpira unaozuia maji, ikichakaa tuone mapema. Pampu mpya ninayo, nimeiweka nyuma ya kiti. Nipe saa mbili tu.”

Perpetua alikuwa amehitimu ufundi wa magari chuoni, lakini mbele ya baba yake sauti yake ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. Nikolausi alicheka. Miezi miwili sasa alikuwa akiongeza jagi la maji kwenye rejeta kila alfajiri, na gari halikuwa limemwangusha hata siku moja.

“Mwanangu, huku Mbulu, kwa baridi hii, hata maziwa hukawia kuwa mtindi. Injini itachemka kwa moto upi?”

Alisahau kwamba siku hiyo hawakuwa wanabaki Mbulu. Walikuwa wanateremka hadi tambarare za Hanang, kwa mfugaji mmoja aitwaye mzee Gidamis, kumposea kaka yake Perpetua, Emanuel, binti aitwaye Getruda. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na mzee Gidamis alikuwa ametuma neno fupi: “Mkikosa Jumamosi hii, msije tena.” Isitoshe, kwake posa hufunguliwa kwa asali. Pasipo asali hapana maneno. Ndiyo maana mzee Sulle, mshenga wao, alipanda akiwa amelipakata buyu la asali kama mtoto mchanga, kwa kuwa buyu la posa haliwekwi sakafuni wala halifungwi pamoja na mizigo.

Walipoiacha miinuko na kuingia kwenye joto, mshale wa joto la injini ulianza kupanda. Nikolausi akasimamisha gari. Wakangoja nusu saa rejeta ipoe, kisha akamimina jagi lake. Katika kungoja huko, mzee Sulle alizibua buyu, akachovya kidole.

“Babu!” Emanuel alishtuka.

“Naonja tu. Mshenga asiyejua ladha ya asali yake atajisifia nini?”

Mwendo kidogo, wakasimama tena. Jagi jingine, kidole kingine. Mara ya tatu Emanuel akauliza, “Babu, hilo ni onjo la ngapi?”

“Onjo ni moja, mjukuu wangu. Linaendelea tu.”

Waliposimama mara ya nne, Perpetua alijikaza. “Baba, nusu saa mara nne ni saa mbili. Ningekuwa nimeshamaliza.”

“Tumekaribia,” alijibu Nikolausi, bila kumtazama.

Hawakuwa wamekaribia. Baada ya kilomita chache injini ilitoa mlio kama wa jiwe la kusagia lisilo na nafaka, na mvuke ukafumka.

“Zima, baba! Zima sasa hivi!”

Perpetua mwenyewe alishangaa ukubwa wa sauti yake. Baba yake alizima. Dakika moja zaidi, na injini ingekuwa chuma chakavu.

Hakungoja ruhusa. Injini ilipopoa alifungua feni na mkanda, akaichomoa pampu. Mhimili wake ulicheza kama jino bovu. Kwa kisu alikwangua mabaki ya gasketi ya zamani, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, hadi chuma kikang'aa, akapachika gasketi na pampu mpya, akakaza bolti kwa zamu, moja huku, nyingine ng'ambo, kidogo kidogo, ili isikae upande. Emanuel alileta maji kutoka kisima cha kunyweshea ng'ombe. Perpetua akayamimina taratibu hadi hewa yote ikatoka. Kivulini, mzee Sulle aliendelea na onjo lake.

Walifika saa kumi jioni. Mzee Gidamis aliwapokea, akachukua buyu, akalitikisa, akaligeuza juu chini. Tone moja lilichungulia, likaning'inia, likakataa kuanguka.

“Mmenipa unyevu, si asali,” alisema.

Emanuel aliinamisha kichwa. Mlangoni, Getruda alijifunika mdomo kwa khanga. Mzee Sulle alianza, “Nilionja tu…” akakificha kidole nyuma ya mgongo.

Ndipo Nikolausi akavua kofia. “Mzee mwenzangu, kosa si lake peke yake. Yeye alichovya kidole kwenye asali, mimi nilikuwa nikiongeza jagi la maji juu ya ugonjwa wa gari. Kila mmoja alidhani kidogo hakihesabiwi. Binti yangu aliniambia, nikamcheka. Ndiye aliyetufikisha hapa.”

Mzee Gidamis aliitazama mikono ya Perpetua iliyojaa grisi. Kisha akacheka hadi fimbo ikatikisika.

“Mtu anayekiri kosa mbele ya wenyeji wake anaweza kulea binti yangu. Lakini maneno sifungui kwa buyu tupu. Rudini Jumamosi ijayo na mabuyu mawili, na ayabebe huyu fundi. Huyu mzee kaeni naye mbali!”

Emanuel alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia begani. Wakati wa kurudi mshale ulitulia katikati njia nzima, hata kwenye kona za kupandia Mbulu.

“Mwanangu,” alisema Nikolausi kwa upole, “Jumatatu ukague na breki. Ukiona kitu, hata kiwe kidogo, nipigie kelele kama leo.”

“Sawa, baba,” alijibu Perpetua, safari hii kwa sauti iliyosikika hadi nyuma, mzee Sulle alikokaa amepakata buyu lisilo na uzito. Hakuna aliyebisha ndani ya gari lile: chovya chovya humaliza buyu la asali.